Kokoto ya maharage ilivyonipeleka kwenye krauni: wenye magego yaliyotibiwa mzizi, piteni hapa

GegoLaKushoto (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye karatasi ya buluu, huko ndiko nilikofanya ujinga.

Miaka miwili iliyopita nilitibiwa mzizi wa gego la chini kushoto, lile kubwa la kwanza. Lilikuwa limenitesa wiki tatu, usiku nalala nimekumbatia shavu. Daktari akasafisha mizizi, akaziba juu, halafu akaniambia waziwazi: "Hili jino limebaki kuta tu. Rudi ndani ya mwezi tulivishe krauni." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Maumivu yalipoisha na mimi nikapotea. Ada ikaja, bati za nyumba ya mama zikaja, pikipiki ikaua injini. Jino lenyewe limetulia, nani ana moyo wa kulipia kitu kisichouma?

Mwezi wa nne, Jumapili, tuko mezani, wali maharage. Nikakutana na kokoto. Ndogo tu, punje ya mchele inaizidi. Nikasikia "ka!" ndani ya sikio kabisa, kama mtu amevunja kijiti kando ya kichwa changu. Maumivu hakuna, maana jino halina mshipa tena. Nikatema kwenye kiganja, nikaona kipande kimoja cheupe upande wa nje na cha kahawia ndani, mfano wa kigae cha kikombe cha chai. Ulimi ukaenda wenyewe kuangalia, ukakuta pengo lenye makali ya wembe. Siku mbili ulimi ulikuwa na vidonda.

Nikarudi kwa daktari yuleyule, aibu imenijaa. Hakunisema. Akapiga eksirei, akachokonoa kwa kile kisindano chake, akasema nina bahati: ufa umeishia kidogo tu chini ya fizi. Ungeteremka mpaka katikati ya mizizi na kuligawa jino vipande viwili, hapo ni koleo, hakuna mjadala.

Kwa wasiojua: krauni ni kofia inayovikwa jino lako mwenyewe. Haivaliwi asubuhi ikavuliwa usiku, na wala haichomekwi kwenye mfupa kama jino la kupandikiza. Mzizi ni wako, kisiki ni chako, kofia ndiyo ya fundi. Kwa hiyo kisiki kikiwa kibovu, kofia ya bei yoyote itaanguka nacho.

Ndiyo maana siku ya kwanza hatukugusa kofia kabisa. Alichimba kile kiziba cha zamani chote, akatoa uozo uliojificha chini yake, akaangalia kama dawa ya mizizi bado imekaa vizuri, kisha akajenga kiini kipya kwa ile dawa nyeupe inayogandishwa na taa ya bluu. Nikamuuliza mbona hajaweka nondo, kile kijiti kinachochomekwa ndani ya mzizi, kama jirani yangu alivyowekewa. Akasema nondo ni ya jino lililobaki na kuta chache mno, kazi yake ni kushikilia kiini, haiongezei jino nguvu. Kwenye gego lenye shimo pana katikati kiini kinajishika chenyewe.

Halafu akanionyesha kwenye kioo kitu alichosema ndicho kinachoamua krauni itaishi au itakufa: lazima pawe na pete ya jino lenyewe, kimo cha kama milimita 2, inayozunguka juu ya fizi. Kofia inaishika hiyo pete kama hupu ya chuma inavyoshika pipa. Ikishika kiini peke yake, kila ukitafuna unaking'oa kidogokidogo. Upande wangu uliovunjika fizi ilikuwa imeifunika, ikabidi aipunguze kidogo.

Siku ya pili ndiyo ya kusaga. Nilishangaa kuchomwa ganzi. "Dokta, si umesema jino limekufa?" Akacheka: "Jino limekufa, fizi iko hai." Nilimwelewa baadaye. Alisaga juu kama milimita 1.5 hivi, pembeni kidogo zaidi ya 1, na kuta akazilaza kwa ndani kidogo sana, mfano wa kikombe cha plastiki kilichofunikwa juu chini. Zikisimama wima kabisa kofia haiingii, zikilala mno inatoka na bigijii. Baada ya hapo akachukua kiuzi kilicholoweshwa dawa, akakishindilia kati ya fizi na jino kuzunguka pote. Hapo ndipo nilipoishukuru ganzi. Kazi ya kiuzi ni kuisogeza fizi ili ukingo wa jino uonekane kwenye chapa.

Chapa yenyewe ni trei iliyojazwa kitu kama udongo wa kuchezea watoto, unaing'ata, unakaa dakika kama tano mate yanatiririka mpaka kidevuni. Chapa ya meno ya juu nayo wakachukua, na ya namna meno yanavyokutana. Kliniki nyingine wanapitisha kamera ndogo mdomoni, picha inatokea kwenye kompyuta, hakuna mate.

Rangi: niliomba nyeupe ya watangazaji wa runinga. Akanipeleka dirishani na kile kipepeo cha meno ya sampuli, akayaweka karibu na meno yangu. Rangi yangu kwenye sampuli ni A3, wakuu, siyo nyeupe. Chai ya rangi ya miaka thelathini. Ningeweka jeupe lile, kila nikicheka gego lingewaka kama balbu.

Nikavishwa kofia ya muda ya plastiki, imeshikwa na simenti dhaifu makusudi ili itoke kirahisi. Masharti: kashata hapana, bigijii hapana, tafuna upande wa pili.

Siku ya tatu ilikuwa siku kumi baadaye. Kofia ya kudumu imefika, ndogo, nzito kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kuigandisha akaijaribu. Akapitisha uzi wa meno pande zote mbili: upite kwa kubana kidogo. Ukipita bure, chakula kitajaa hapo kila siku. Ukigoma, kofia imebana na haijakaa mpaka chini. Akapitisha kisindano kwenye ukingo kutafuta ngazi. Kisha ile karatasi ya buluu, nyembamba kama ya sigara, inayoacha rangi pale meno yanapogusana. "Uma. Fungua. Uma. Saga kushoto, kulia. Imepanda? Inajisikiaje?"

Na mimi, mwanaume mzima, nikajibu "iko sawa tu dokta."

Haikuwa sawa. Nilihisi kitu, ila nusu ya mdomo ilikuwa bado na ganzi, nimekaa kwenye kiti saa nzima, boda yuko nje ananisubiri, na niliona aibu kumsumbua. Akagandisha. Usiku nikifunga mdomo gego hilo ndilo linalotangulia kugusa, kama ile kokoto imerudi kukaa moja kwa moja. Siku tatu baadaye taya linauma, jino la juu linalokutana nalo nalo linauma. Nikarudi. Karatasi ya buluu ikaacha doa moja lililokolea kwenye kona ya nyuma, saizi ya kichwa cha kiberiti. Akalikwangua kidogo tu, akang'arisha, dakika tano kazi imekwisha. Maumivu yakaondoka baada ya siku chache.

Kwa hiyo, wakuu: daktari akiuliza imepanda, msijibu kwa adabu. Jibuni kwa meno. Mdomo unahisi kitu chembamba kuliko unywele, yeye hawezi kuhisi kwa niaba yako.

Maswali karibuni.

MzeeWaPweza

Mkuu umeandika riwaya halafu umeruka sura ya muhimu. Bei?

GegoLaKushoto

Sitaiweka. Kila nikiona bei ya mtu humu, nikifika dukani ni nyingine. Ila nitakupa swali la kuuliza kabla hujakaa kwenye kiti: "Hiyo bei ni ya kofia peke yake, au pamoja na kujenga kiini, kofia ya muda, eksirei, na marekebisho baada ya kugandisha?" Mimi nilidhani ni yote, kumbe kiini kilikuwa peke yake. Na kama una bima, waulize bima yenyewe kwa barua au ujumbe, usimuulize mtu wa mapokezi.

ChumviNyingi

Biashara hizo. Jino bovu dawa yake koleo. Babu yangu alibaki na meno tisa na alitafuna nyama ya mbuzi mpaka anaingia kaburini.

DktPembeni

ChumviNyingi, babu yako alikuwa na meno tisa yaliyokutana vizuri, wengi hawana bahati hiyo. Mimi ni wa fani hii, nachangia kidogo.

Gego kubwa la kwanza linaota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Ukiling'oa ukaacha wazi, la nyuma yake linalala kuelekea kwenye pengo, la juu linashuka polepole kutafuta mwenzake. Baada ya miaka kadhaa mtu anakuja anataka kuweka jino, nafasi haipo. Na kuweka jino kwenye pengo, kwa daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani) au kwa kupandikiza, ni kazi kubwa kuliko krauni.

Kuhusu kuacha gego lililotibiwa mzizi bila kofia kama mleta mada alivyofanya: kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa 2002. Meno yaliyotibiwa mzizi yasiyovikwa krauni yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa. Watu husema jino linakuwa kavu kama kuni. Sababu kubwa ni rahisi zaidi: uozo umekula, na sisi tumetoboa dari ili tuifikie mizizi. Zimebaki kuta bila kenchi. Ukitafuna, kuta zinasukumwa nje.

Ila sitaki watu watoke humu wakidhani kila jino ni la krauni. Jino la mbele lililotibiwa mzizi na bado ni zima pande zote, mara nyingi kuziba kunatosha. Gego la mwisho lililokaa upande na linalosumbua, mara nyingi ni kung'oa uendelee na maisha. Na ukiwa na fizi zinazotoka damu na meno yanacheza, tibu fizi kwanza. Paa jipya kwenye msingi unaotikisika ni hasara.

ChumviNyingi

Sawa dokta, umenijibu kwa heshima, nimekaa chini.

FundiPlasta

Naona madaktari wanasifiwa tu. Mimi ndiye ninayekaa chumba cha nyuma cha maabara ya meno, mgonjwa hanijui hata sura. Ngoja niwaambie kofia inavyozaliwa.

Chapa ikifika naiangalia kwanza kwenye mwanga. Nikiona kipovu au mkunjo kwenye mstari wa ukingo, nairudisha. Hapo daktari ananuna, mgonjwa ananuna, lakini ukingo nisiouona siwezi kuubuni. Ikiwa safi namimina plasta ngumu, napata nakala ya meno yako, lile jino nalikata ili liingie na kutoka peke yake. Nafanya kazi na darubini.

Kofia ya chuma na kauri: nachonga kwanza kwa nta, nta inazikwa kwenye udongo wa kuhimili moto, inayeyushwa, inaacha uwazi, chuma kinamiminwa humo. Ni ufundi wa kale wa wasonara, na kwenye meno ulishika kasi baada ya Mmarekani William Taggart kuonyesha mashine yake ya kumiminia dhahabu mwaka 1907. Juu ya chuma napaka tabaka la kuficha weusi, kisha kauri ya unga kwa brashi, tabaka kwa tabaka, natia tanuruni kwenye nyuzi kama 900, inasinyaa, naongeza, narudisha. Jino moja linaweza kuingia tanuruni mara nne au tano.

Zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, ni hadithi nyingine. Inakuja kama kidonge kikubwa cheupe, laini kama chaki. Kompyuta inachora, mashine inachonga kofia kubwa kuliko jino lako, kwa zaidi ya asilimia 20. Nikiiweka mezani mgeni anadhani nimekosea. Halafu inalala tanuruni saa kadhaa kwenye nyuzi kama 1,500, inanywea mpaka saizi yake, na inatoka ngumu kiasi kwamba kuisaga kunamaliza vichwa vya mashine ya daktari. Ndiyo maana nyeupe zote zinafanana kwa jina ila hazifanani kwa kazi. Kauri ya kioo inapendeza mbele, mwanga unapita ndani yake kama jino halisi. Zirkonia ni ya nyuma kwa wanaotafuna kwa nguvu. Ya chuma na kauri imetuhudumia miaka mingi, dosari yake ni kauri kumeguka, na ule mstari wa kijivu unaojitokeza fizi zikishuka.

Ombi langu kwa wagonjwa: mkiambiwa siku kumi, msimpigie daktari simu siku ya nne. Kofia ya haraka mnaijua kwa mstari wake.

MzeeWaPweza

Fundi, hili bandiko lako lingekuwa uzi wake. Sikujua kuna mtu anachonga gego langu kwa nta.

mwanahawa_pwani

Hapa Mombasa sisi tumezikuta krauni kitambo, hatukuziita hivyo. Nyanyangu alikuwa na jino la dhahabu, la mbele upande wa kulia, na akicheka alikuwa anacheka kuelekea upande huo makusudi. Harusini wenzake walikuwa nayo pia. Mamangu alipotaka lake nyanya akamkataza, akasema zama zishapita. Swali langu, ile dhahabu ilikuwa pambo au ni dawa?

DktPembeni

Mwanahawa, vyote viwili, inategemea alivikwa juu ya nini. Jino zima likisagwa ili livikwe dhahabu, hilo ni pambo na jino limeumizwa bure. Lililooza likavikwa, hiyo ni krauni kamili.

Na nikwambie, kwa gego la nyuma dhahabu bado inaheshimiwa sana na walimu wetu. Sio dhahabu tupu, hiyo ni laini, inachanganywa na metali nyingine. Inahitaji kusaga kidogo kuliko kauri, ukingo wake unakaa vizuri, na hailili jino linalokutana nalo. Adui wake ni bei, na vijana kutoipenda rangi.

Tahadhari moja tu: kuna mafundi wa mtaani wanaogandisha vigamba vya rangi ya dhahabu juu ya meno bila kuosha wala kupima ukingo. Chakula kinaingia chini hakitoki. Nimevua vigamba nikakuta jino limeoza lote, gamba ndilo lililokuwa limesimama.

KijanaWaNgaramtoni

Wakuu mimi ni wa Arusha, mnajua yetu. Meno yangu ya mbele ni kahawia tangu nakumbuka. Dar watu wananiuliza kama navuta sigara, sijawahi kugusa. Nina posa mwezi wa kumi na mbili. Kliniki moja imeniambia krauni sita juu, sita chini, nitoke kama msanii. Nifanye?

DktPembeni

Kijana, kabla ya yote: meno yanauma? Yana mashimo? Yanamomonyoka?

KijanaWaNgaramtoni

Hapana. Yanatafuna mua. Ni rangi tu.

DktPembeni

Basi sikiliza. Hayo madoa ni ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, ilikuingia kwa wingi utotoni wakati meno yanajengeka ndani ya taya, kabla hayajaota. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa Meru, kule Maji ya Chai na Ngurdoto, kuna vyanzo vinavyopita 10. Ndiyo sababu pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza. Haikuwa uchafu, wala haikuwa mswaki, usimruhusu mtu akuaibishe.

Sasa kusaga. Ili jino la mbele livikwe krauni kamili, linaondolewa zaidi ya nusu ya sehemu ile inayoonekana mdomoni. Nusu, kijana, ya jino linalotafuna mua. Halirudi. Baadhi ya meno hai yakisagwa hivyo mshipa wake hufa baadaye, na unajikuta unatibiwa mzizi. Krauni ikitunzwa vizuri wengi hupata miaka 10 mpaka 15, wengine zaidi. Una miaka mingapi?

KijanaWaNgaramtoni

26.

DktPembeni

Piga hesabu utabadilisha mara ngapi kabla hujafika sitini, na kila mara kisiki kinapungua. Halafu zidisha kwa kumi na mbili, kwa sababu ni meno kumi na mawili.

Uliza hivi kwa mpangilio. Kwanza kusugua tabaka la juu kabisa kwa dawa maalumu, madoa mengi ya kahawia hufifia hapo. Kisha kuyang'arisha kwa dawa, au kupaka ile dawa nyeupe ya kuzibia kwa mbele. Yakishindikana, vinia, yaani kigamba chembamba kinachogandishwa mbele ya jino, ambayo jino husagwa kidogo sana upande wa mbele. Krauni iwe ya jino lililomomonyoka kweli. Kliniki inayoanzia kwenye kumi na mbili bila kukuuliza hata kama yanauma, ongeza maoni ya daktari wa pili.

mwanahawa_pwani

Na huyo binti amekukubali ukiwa na hayo meno. Mwulize yeye kwanza.

MamaPacha

Nina swali la aibu kidogo. Mwanangu ana miaka sita, gego la utotoni limetoboka, daktari amemvika kofia ya chuma inayong'aa. Hakumchoma sindano, hakusaga, aliipachika tu mtoto akauma. Dakika chache tumetoka. Sasa baba yake anasema tumetapeliwa, "uozo umefunikwa ndani." Na mtoto anasema meno hayakutani.

DktPembeni

Dada, hamjatapeliwa. Njia hiyo inaitwa kwa jina la daktari wa meno wa Uskoti, Norna Hall, aliyekuwa akiwavika watoto hivyo miaka mingi. Wenzake walipoifanyia utafiti wakakuta kofia zake zinadumu vizuri. Bakteria wa uozo wakifungiwa wasipate sukari, kasi yao inakatika, na jino linasukuma maisha mpaka litoke lenyewe, kwa magego ya utotoni ni kati ya miaka 9 na 12. Litatoka pamoja na kofia yake.

Kofia kupanda mpaka meno mengine yasikutane nako ni kawaida kwa watoto, meno yao hujirekebisha ndani ya wiki chache. Hapo ni tofauti na la mleta mada, mtu mzima haachwi na krauni iliyopanda. Ila likianza kuuma usiku au fizi ikatoa jipu, mrudishe mara moja.

MamaPacha

Asante sana. Namtumia baba yake hii posti sasa hivi.

BodaWaKiluvya

Mimi ya kwangu ilitoka nikila mhogo wa kuchoma. Nikaiosha, nikaigandisha na supaglu. Mwaka wa pili huu inadunda. Mnatajirisha madaktari bure.

FundiPlasta

Ndugu, naomba usimwonyeshe mtu mdomo wako, nitalia.

DktPembeni

BodaWaKiluvya, inadunda ndiyo, lakini nenda ukapige eksirei ya jino hilo. Gundi ile haikutengenezwa kukaa mdomoni, inachoma fizi, na kama kofia imekaa imepinda hata unene wa karatasi, mate na sukari vinaingia chini. Huko ndani hakuna atakayekwambia, hasa kama jino limetibiwa mzizi, maana halina mshipa wa kupiga kelele.

Kofia ikitoka: ioshe, itie kwenye kikopo kisafi, tafuna upande mwingine, nenda ndani ya siku chache. Ukilazimika kusafiri, famasi nyingine huwa na simenti ya muda. Ukiimeza haina sumu, hutoka yenyewe, ila kama ulikohoa sana na unahisi imeingia kifuani, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Na ijue sababu iliyoitoa. Mara nyingi ni uozo umeingia ukingoni, au kisiki kilikuwa kifupi. Kuigandisha tu bila kuangalia ni kuficha.

MzeeWaPweza

Hivi kumbe jino lenye kofia linaoza? Mimi nilidhani ukivika ndiyo umemaliza.

GegoLaKushoto

Hata mimi nilidhani hivyo. Kofia haiozi, kisiki ndicho kinachooza, kuanzia pale kofia inapoishia karibu na fizi. Nimeambiwa nipige mswaki hapo mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kila usiku nipitishe uzi wa meno kwenye pande mbili. Mwanzo nilikuwa natoa mabaki ya mchicha wa mchana, nikashangaa yalikuwa yanakaa wapi.

Kuna kitu nilisahau. Daktari aliniuliza kama nasaga meno usiku. Nikakataa. Mke wangu, alikuwa kando, akasema "kama mashine ya kukoboa." Kumbe hiyo nayo inapasua kauri na kulegeza simenti. Nimechongewa kinga ya plastiki ya kulalia, inakaa kwenye meno ya juu. Asubuhi ina mikwaruzo kama ubao wa kukatia vitunguu.

KijanaWaNgaramtoni

Mrejesho wakuu. Nimekwenda kwa daktari wa pili leo. Amesugua mawili ya mbele kwa majaribio, bila sindano. Kahawia imepungua, siyo nyeupe ya runinga, ni kama rangi ya pembe. Yaliyobaki Alhamisi. Nimemtumia binti picha, amejibu: "Kwani yalikuwa na nini?"

MzeeWaPweza

Kijana umeshaoa wewe. Alhamisi ukitoka tuwekee picha.

FundiPlasta

Kumi na mbili nilizokosa kuchonga. Sawa tu, nina foleni.